Upawa wa Alama Tatu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika uji na kununiana kama sisi, aliishi sange mmoja katika Bonde la Kirumbi. Mnamjua sange? Hamumjui, msinidanganye. Ni mnyama mdogo, amemzidi panya kidogo tu, na pua yake ni ndefu, inachezacheza hata akiwa usingizini. Huyu wetu alikuwa mama wa watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kutengeneza pawa.

Upawa nao mnaujua? Ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kupakulia mchuzi au uji. Nazi za enzi hizo zilikuwa kubwa kama mitungi. Zimekwenda wapi? Usiniulize mimi, kawaulize wakwezi.

Kila kiangazi visima vya Kirumbi vilikauka, na wanyama wote walihamia kambini, kando ya mto. Kule hakukuwa na jiko wala ukuta. Walikoka moto mmoja nje, wakabandika chungu kimoja kikubwa, wakapika uji wa mtama na kula pamoja.

Kula pamoja! Ngojeni niwaambie walivyokuwa wakila.

Mkubwa wa kambi alikuwa Mzee Kiboko. Msaidizi wake alikuwa Bwana Nyati. Mwandishi wao alikuwa Ngiri, ambaye hakujua kuandika hata herufi moja, lakini alijua kuitikia "Naam, mzee!" kuliko mnyama yeyote. Hao watatu walikaa chini wakatunga sheria: kila nyumba itachota uji mara moja tu, kwa upawa wake yenyewe, na wakubwa watatangulia.

Ukiisikia hivihivi utasema ni sheria ya haki. Lakini wakubwa walijichagulia vifuu vya nazi kubwa kuliko zote, na wadogo wakaachiwa vya nazi changa, ukubwa wa ngumi yako. Kiboko akichota, Nyati akichota, Ngiri akichota, chungu kilikuwa kinaonekana chini. Wadogo waligombania ukoko.

Mwaka uliotangulia, Mize, kitinda mimba wa Sange, alikonda mpaka mbavu zake zikahesabika. Mwaka huu hata njiani kwenda kambini alibebwa mgongoni, kwa sababu miguu ilikataa. Sange aliogopa sana. Alijua kwamba mtoto huyu akikosa uji kiangazi kingine, hatarudi naye nyumbani.

Basi wakafika mtoni. Kazi ya kwanza ikawa kupanga mafiga, yale mawe matatu ya kuwekea chungu. Mzee Kiboko alitoka majini amekumbatia mawe matatu ya mviringo, laini, yanang'aa.

"Mafiga ndiyo haya," akasema. "Mazuri, yanapendeza."

"Naam, mzee!" akaitikia Ngiri.

Sange akanyosha pua yake akayanusa. "Samahani, mzee. Mawe ya mtoni yana maji ndani yake, hayawekwi motoni. Tukachukue yale makavu ya kule kilimani."

"He! Wewe ndiye wa kunifundisha mawe? Mimi ninayelala juu yake?"

"Sikufundishi, mzee. Nasema tu."

"Kokeni moto!"

Moto ukakokwa. Ukawaka vizuri, kuni zikalia tatatata. Mzee Kiboko akasimama karibu, mikono mgongoni, akiyatazama mafiga yake kwa fahari. Mara, PAAA! Figa la kwanza likapasuka, vipande vikaruka vuu! Kila mtu akalala chini. PAAA! La pili. Na kabla la tatu halijapasuka, mkubwa wa kambi alikuwa ameshaingia mtoni, chubwi!

Bahati yao chungu kilikuwa bado hakijabandikwa.

Baada ya muda, macho mawili na pua vikachomoza majini. "Nani," akauliza Mzee Kiboko, "nani aliyechagua mawe yale?"

Wote wakatazama chini.

"Naam, mzee," akasema Ngiri.

Jioni hiyo wadogo walikwenda kilimani wakaleta mawe makavu. Na Mzee Kiboko, baada ya kujifuta na kukohoa mara tatu, akamwita Sange. "Kuanzia sasa, mambo yote ya vyombo ni juu yako. Yakienda vizuri ni uongozi wangu. Yakiharibika ni wewe."

"Nimesikia, mzee," akasema Sange.

Pawa za mwaka jana hazikuwepo, kwa kuwa akina Nyati walizitia motoni siku ya mwisho walipoona uvivu kwenda kutafuta kuni. Ilibidi zitengenezwe mpya. Asubuhi Sange akakaa mbele ya rundo la nazi kubwa, msumeno mkononi, kekee ya kutobolea pembeni. Nyati akaja anapiga kwato, amebeba fimbo nyeupe iliyonyooka.

"Mpini wangu huu hapa. Nimeukata mwenyewe. Tazama ulivyo mweupe!"

"Bwana Nyati, huo ni mnyaa."

"Kwani mnyaa si mti?"

"Ni mti. Ila utomvu wake ukiingia jichoni unapofua, na ukiingia kwenye uji tutazikana wote, na sijui atabaki nani wa kuchimba."

"Lahaula!" Nyati akautupa mbali, akajifuta mikono kwenye mgongo wa Ngiri.

Sange akawaeleza wote: mpini ni wa mkole, kwa sababu unapinda bila kuvunjika, na uwe mrefu, ili moto usiunguze mkono. Kisha akashika nazi ya kwanza na kuipasua kwa msumeno. Kre, kre, kre! Ikawa vifuu viwili. Kimoja kilikuwa kitupu, laini kote. Kingine kilikuwa na yale matundu matatu mnayoyaona kwenye kila nazi.

Sasa hapa nisikilizeni. Kila mtengeneza pawa anajua kwamba kile chenye matundu matatu hakifai. Mawili ni magumu, lakini la tatu ni laini, ukilisukuma kwa kijiti tu linatoboka. Kifuu hicho hutupwa, au hutiwa motoni.

Sange alikishika kifuu hicho, tayari kukitupa. Akamtazama Mize aliyelala kivulini, mdomo wazi, kope zinacheza. Akakitazama kifuu tena. Pua yake ikaacha kuchezacheza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hakukitupa.

Akalisukuma lile tundu laini kwa kijiti, pu! Likatoboka. Akaliziba kwa nta nyeusi ya nyuki, akailainisha kwa kidole mpaka matundu yote matatu yakafanana. Akasugua kifuu kwa majani ya msasa, shaa, shaa, shaa, akakipaka mafuta ya nazi mpaka kikang'aa. Akatia mpini. Kisha akaenda kwa Mzee Kiboko, akapiga magoti.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Umevunja nini?"

"Nimekuvunjia heshima. Miaka yote nimekupa upawa mtupu, wa kipara, sawasawa na ule wa Pimbi. Mtu akikuona kwa mbali unachota, atakujuaje kama wewe ni mkubwa? Leo nimeona aibu." Akautoa upawa. "Tazama. Kila nazi ina kifuu kimoja cha kawaida, na kimoja chenye alama tatu. Hizi alama ni za cheo, mzee. Hazikuwekwa na mtu, zimeota zenyewe."

Mzee Kiboko akaugeuzageuza. "Alama tatu," akasema polepole.

"Zimeota zenyewe!" akasema Ngiri.

"Na mimi je?" Nyati akauliza haraka.

"Wewe upewe mbili," akasema Kiboko.

"Hazipunguzwi, mzee," akasema Sange. "Kila nazi ni tatu."

Mzee Kiboko hakulipenda jambo hilo. Akafikiri. "Basi Nyati na Ngiri nao wapewe, lakini wawe wanazishika chini kidogo."

Wakauchovya upawa mtoni, wakauinua. Haukudondosha hata tone. Ungedondosha vipi? Maji yalikuwa ya baridi, na nta inaogopa moto, haiogopi baridi.

"Kuna jambo moja, mzee," akasema Sange. "Upawa wa cheo hauchoti kimyakimya kama mwizi. Mkubwa akishachota, anauinua pale pale juu ya chungu, ili mvuke umzunguke apendeze, anasimama, na wadogo wanapita mmoja mmoja kumwamkia. Wote wakiisha, ndipo anaondoka."

"Hilo nalo ni la zamani?"

"La zamani sana. Limesahauliwa tu."

"Lirudi!" akanguruma Mzee Kiboko. "Ngiri, tangaza! Kuanzia leo ni marufuku mdogo yeyote kushika kifuu chenye alama tatu!"

"Na hivi vipara vilivyobaki, mzee?" akauliza Sange. "Ni vikubwa, vitajaza kambi."

"Wape wadogo wenzako. Vinanitia kichefuchefu."

Pimbi, shoga yake Sange, alitaka kulalamika. "Hivi kila siku ni wao tu..." Sange akamkanyaga mguu. "Nyamaza, shoga. Wewe unapenda kuamkia watu, sivyo?"

"Napenda."

"Basi leo usijizuie."

Na kweli Pimbi alikuwa bingwa wa maamkizi. Akienda kuteka maji asubuhi, alirudi adhuhuri.

Jioni ikafika. Uji ukachemka, gudugudu, gudugudu, wadogo wakiukoroga kwa mwiko. Wakubwa watatu wakaja kwa mwendo wa taratibu, videvu juu. Wakachota, puu, puu, puu! Chungu kikabaki na uji wa chini kabisa. Wakaziinua pawa zao juu ya chungu, Kiboko juu, Nyati chini kidogo, Ngiri chini zaidi. Mvuke ukawazunguka.

"Shikamoo, mzee!" akaanza Pimbi.

"Marahaba!"

"Habari za tangu asubuhi?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Mama Kiboko hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Yule wa kwanza, aliyekuwa anaumwa jino?"

"Ameshapona."

"Alhamdulillahi! Na yule wa pili? Na mto nao, haujambo?"

Na mambo ya maamkizi mnayajua wenyewe. Mtu akikuuliza habari, utamkatiza? Utaonekana huna adabu! Mzee Kiboko akaitikia moja baada ya nyingine, macho yameelekea mbele, shingo imenyooka. Na chini ya upawa, nta ikawa imelainika, ikayeyuka, na uji ukaanza. Tii. Tii. Tii. Kisha chururururu, ndani ya chungu.

Pimbi alipomaliza kwa Kiboko, alihamia kwa Nyati. Kisha kwa Ngiri. Nyuma yake kulikuwa na Kidiri, nyuma ya Kidiri Kanga, nyuma ya Kanga Kobe, na Kobe, jamani, anauliza habari kama anavyotembea.

Maamkizi yalipokwisha, wakubwa wakaondoka na pawa zao juu, hatua moja, hatua mbili, hawatazami kulia wala kushoto. Wadogo wakageukia chungu. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni! Wakachota, kila nyumba mara moja, kama sheria inavyosema, kwa vile vifuu vikubwa vya kipara. Mize akanywa bakuli la kwanza. Akanywa la pili. Akacheua. Sange akageuza uso asionekane anavyolia.

Kwenye makao ya Kiboko pale kambini, mkewe alikuwa amepanga mabakuli.

"Uji uko wapi, Baba Watoto?"

Mzee akatazama ndani ya upawa. "Ulikuwepo. Nadhani umepungua kwa joto."

Kila asubuhi Sange, mwenye kazi ya vyombo, alizichukua pawa za wakubwa kuziosha, akaziziba tena kwa nta. Siku ya pili Mzee Kiboko akasema moshi uliunywa. Siku ya tatu akaingia anatabasamu, ingawa miguu inatetemeka.

"Mama Watoto! Leo nimeamkiwa mara arobaini na moja!"

"Arobaini na moja?"

"Nimehesabu mwenyewe!"

"Vizuri," akasema Mama Kiboko, akayaweka mabakuli mbele yake kwa kishindo. "Haya, wapakulie watoto wako hizo shikamoo, wale washibe."

Siku ya nne akajifunga kanga kiunoni, akaja mwenyewe motoni. Wakubwa walikuwa wamesimama, pawa juu, mvuke umewazunguka. Pimbi alikuwa amefika kwenye kuuliza habari za shangazi yake Nyati. Mama Kiboko akainama, akachungulia chini ya upawa wa mumewe. Chururururu!

"Baba Watoto! Upawa wako unavuja!"

Maamkizi yakakatika. Mzee Kiboko akachungulia chini. Nyati akachungulia wake. Ngiri akachungulia wake. Zote tatu, chururu!

"Sange!" Nyati akanguruma, akainamisha pembe, akaanza kuchimba ardhi kwa kwato. "Sange ametuchezea! Nitamkanyaga mpaka pua yake iwe bapa!"

Wadogo wote wakarudi nyuma. Sange kukimbia asingeweza, kwa maana watoto wanne walikuwa nyuma yake. Akajikaza, akasogea mbele.

"Unavuja, ni kweli," akasema. "Kama lawama ni yangu, na kutengeneza ni kwangu pia. Mzee, lete. Nitachonga kigingi kidogo cha mti, nikipige kwenye lile tundu, hakitayeyuka wala hakitatoka. Ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Chonga!" akasema Mzee Kiboko. Tumbo lake lililia ngorrr, na wote wakasikia. Akamnyoshea upawa.

Sange akaupokea, akachukua kisu. Akasita.

"Ila nikupe taarifa kwanza, mzee, kesho usije ukasema sikukwambia. Tundu moja likizibwa, alama zitabaki mbili."

Mkono wa Mzee Kiboko ukarudi kama umeungua. Akaunyakua upawa wake.

"Mbili?"

"Mbili, mzee."

Akamtazama Nyati, ambaye alikuwa na tatu. "Nyati aanze kuziba."

"Mimi?" Nyati akaacha kuchimba ardhi. "Sheria inasema wakubwa hutangulia. Nitakutanguliaje wewe, mzee wangu? Nitakuwa nimekosa adabu."

"Basi Ngiri azibe! Ngiri!"

Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ngiri hakusema naam. Aliukumbatia upawa wake kifuani, uji ukimtiririkia tumboni, akatazama upande wa mto.

"Chukueni vipara basi," akasema Sange, akiinua upawa mmoja wa kipara, "vipo vingi."

"Kipara!" wakasema wote watatu kwa pamoja. "Kama cha Pimbi?"

Wakasimama pale, kila mmoja akimngoja mwenzake azibe, kila mmoja akihesabu alama za mwenzake. Uji ukamalizika kuvuja. Hakuna aliyesogea.

Mama Kiboko hakungoja. Akauchukua upawa wa kipara mikononi mwa Sange, akachota, ukajaa pomoni.

"Mama Watoto!" akasema mumewe kwa sauti ya chini. "Watu wanatutazama!"

"Sheria ni yako: kila nyumba ichote mara moja. Uliochota wewe umerudi chunguni, kwa hiyo nyumba yetu bado haijachota." Akaondoka nao, haudondoshi hata tone, watoto wake wakamkimbilia njiani. Jioni iliyofuata mke wa Nyati akaja na upawa wa kipara. Na mke wa Ngiri naye.

Wanaume wao waliendelea kuja kila jioni na pawa zao za alama tatu, wakaamkiwa vizuri sana, wakarudi nyumbani kula makombo ya watoto. Mvua zilipoanza, kambi ikavunjwa. Mize alikwenda njia yote kwa miguu yake, akikimbia mbele ya mama yake na kuitwa kila mara asipotee, na Sange aliyekuwa akimwita alikuwa na furaha mpaka akasahau uchovu.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayetaka kuamkiwa kuliko kushiba, asije kutulalamikia njaa.